Komeo Si Mafuta: Uhakiki wa Istilahi za Transmita ya Helikopta Ndogo

Mwongozo wa kutayarisha transmita ya helikopta ndogo inayoongozwa kwa redio, uliofasiriwa kutoka Kiingereza, uliletwa kwetu ili istilahi zake zikaguliwe kabla haujapigwa chapa. Ni mswada wa kurasa 32, umeandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka, na ni dhahiri kwamba mfasiri wake anakijua chombo anachokizungumzia. Mengi yaliyomo ni mema, na tutayataja. Walakini zimo istilahi chache ambazo, kwa maoni yetu, si dhaifu tu bali ni za hatari. Na kwa kuwa kosa hili si la mfasiri huyu peke yake, bali hutupata mara kwa mara sote tunaoshughulika na uundaji wa istilahi, tumeona yafaa tulijadili mbele ya wasomaji.

Kwanza tukieleze chombo chenyewe. Transmita ni kisanduku kinachoshikwa kwa mikono miwili, chenye nyenzo mbili za kusukumwa kwa vidole, swichi kadhaa, na kioo kidogo cha kuonyesha mipango. Hupeleka mawimbi kwenye kipokezi kilichomo ndani ya helikopta. Kipokezi huziamuru sevo, ambazo huyageuza mapanga, na huiamuru mota, ambayo huyazungusha. Kabla ya kuruka, mwenye helikopta hana budi kuipanga transmita: kila wenzo utende nini, upande gani, kwa kadiri gani, na chombo kifanye nini mawimbi yakikatika. Kuruka kwa salama huanzia hapo, chombo kikiwa bado mezani.

Msomaji asidhani kwamba tunazungumzia kitu cha kuchezea watoto. Pangaboi lenye kipenyo cha meta 1.35 likizunguka mara 2,000 kwa dakika, ncha za mapanga yake huenda kwa mwendo wa kilometa 500 na zaidi kwa saa; atakaye kuhakikisha na apige hesabu. Mnamo Septemba 2013, katika bustani moja ya mji wa New York, kijana wa miaka 19 aliyeuzoea mchezo huu aliuawa na helikopta yake mwenyewe. Hatusemi kwamba istilahi ndiyo iliyomwua. Tunasema tu kwamba mwongozo wa chombo cha namna hii hauwezi kuhakikiwa kama orodha ya majina ya samani.

Tulianza kazi yetu kwa desturi ya siku zote, yaani kuziweka istilahi katika safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na kuulizana kama kila neno la kulia linalingana na mwenzake wa kushoto. Kwa njia hiyo istilahi nyingi za mswada zilipita, na miongoni mwake ilipita "shikilia mafuta". Neno "hold" ni kushika au kushikilia. Na kile ambacho Waingereza hukiita "throttle" madereva wetu hukiita mafuta, kama wanaposema "kanyaga mafuta". Safu zikalingana, nasi tukatia alama ya kukubali.

Siku ya pili mmoja wetu alitoa shauri kwamba tuyasome maelezo mbele ya chombo. Tukamwomba kijana mmoja ambaye hajapata kurusha helikopta, na ambaye hasomi Kiingereza cha ufundi, aje ofisini. Mapanga yote yaliondolewa, ya juu na ya mkia, na helikopta ikafungwa mezani kwa kamba. Kijana alionyeshwa nyenzo na swichi kwa majina yaliyomo katika mswada, wenzo wa kushoto ukiwa ndio "wenzo wa mafuta". Kisha tukamsomea sentensi ya ukurasa wa 9 kama ilivyo: "Kabla ya kuisogelea helikopta, shikilia mafuta." Kijana akatenda aliloambiwa. Aliusukuma wenzo wa kushoto juu, akaushikilia hapo hapo. Mota ikanguruma, na mhimili mtupu ukazunguka mbele ya macho yetu kwa kasi ambayo hatukuitazamia. Alipoulizwa alijibu, bila ya shaka yoyote, kwamba hata dereva akiambiwa ashikilie mafuta hauondoi mguu.

Kijana hakukosea. Tuliokosea ni mfasiri aliyeandika na sisi tuliokubali. Maana hiyo "shikilia" ya Kiingereza ni swichi ambayo ikibonyezwa huiteremsha nguvu ya mota hadi chini kabisa na kuizuia hapo, hata wenzo ukisukumwa kwa bahati mbaya. Katika helikopta ya betri mota husimama. Katika ile ya injini ya mafuta, injini hubaki ikinguruma polepole bila kuyazungusha mapanga. Pembe ya mapanga huendelea kuongozwa, ndiyo sababu marubani huitumia swichi hii pia kujifunza kushuka bila nguvu. Kwa hiyo istilahi yetu ilikuwa imesema kinyume kabisa cha tendo. Aliyetaka kujilinda angejikata.

Badala yake tunapendekeza "komeo la nguvu". Komeo kila mtu analijua: hutiwa mlangoni ili mlango usisukumwe ukafunguka, na hutolewa na mwenye nyumba kwa kusudi. "Tia komeo, kisha uisogelee helikopta" ni amri ambayo haiwezi kueleweka kinyume. Jambo la pili, komeo halidai kwamba nyumba haina mtu ndani. Betri ingali imeunganishwa, na hatari ingalipo; rubani anayetaka kuishika helikopta mkononi hana budi kuitoa betri. Jambo la tatu, neno hili lafaa kwa helikopta za betri na za injini vilevile, ilhali "mafuta" ni neno la ajabu kwa chombo kisichotumia hata tone la petroli. Kuizima injini kabisa ni tendo jingine lenye swichi yake, nalo liitwe tu "kuzima injini".

Baada ya jaribio lile tuliirudia orodha yote kwa masikio mapya. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Mswada unaita "kupumzika juu" ile hali ya kuruka ambamo mota hushika mwendo ule ule mkubwa hata wenzo ukishushwa hadi chini. Hapa mfasiri alifuata maneno mawili ya Kiingereza moja moja, akapata jambo lisilokuwapo. Mota hiyo haipumziki hata kidogo. Mwanafunzi anayetua katika hali hiyo hushusha wenzo akitazamia mapanga yapungue mwendo, nayo hayapungui. Tena wenzo ukishuka kupita kiasi mapanga huisukuma helikopta chini. Tunapendekeza "mwendo thabiti" kwa hali hii, na "mwendo wa kuanzia" kwa ile ambayo mota huanza kwenye sufuri na kupanda pamoja na wenzo. Kwa majina haya sheria ya usalama hujieleza yenyewe: betri iunganishwe katika mwendo wa kuanzia, komeo likiwa limetiwa. Transmita nyingi za siku hizi hupiga kengele zikiwashwa wakati swichi ya mwendo thabiti imesahauliwa. Lakini asiyejua jina la kosa hatajua kengele inamwonya juu ya nini.

Neno "mwinamo" limetumiwa mahali pawili tofauti. Lugha ya Kiingereza, kwa umaskini wake wa hapa, ina neno moja "pitch" kwa pembe ya mapanga na kwa kuinama au kuinuka kwa pua ya chombo. Mfasiri ameuchukua umaskini huo akautia katika Kiswahili. Ukurasa wa 14 unasema, "Upepo ukiwa mkali punguza mwinamo." Je, mwanafunzi apunguze pembe ya mapanga yote, jambo ambalo litaishusha helikopta, au aitulize pua? Haya ni matendo ya nyenzo mbili tofauti, katika mikono miwili tofauti. Kiswahili hakina sababu ya kurithi utata usio wake. Tunapendekeza "pembe ya mapanga" kwa dhana ya kwanza, ambayo katika helikopta nyingi za michezo ya angani hufika karibu nyuzi 10 kila upande wa sufuri, na "mwinamo wa pua" kwa dhana ya pili. Ile michoro miwili inayoonekana katika kioo cha transmita, nayo iitwe "mchoro wa pembe" na "mchoro wa nguvu".

Neno "hali" nalo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Kuna hali ya kuruka, kuna hali ya betri, na kuna "hali ya 1" na "hali ya 2", yaani namna mbili mashuhuri za kugawa kazi baina ya nyenzo. Katika ile ya 2, wenzo wa kushoto ndio wenye nguvu na mkia. Katika ile ya 1, nguvu iko kulia, na wenzo wa kushoto huongoza mkia na mwinamo wa pua. Mtu aliyezoea moja akipewa transmita ya nyingine huwa kama dereva aliyebadilishiwa breki na mafuta mahali pake. Sentensi ya mswada isemayo, "Hakikisha hali kabla ya kupokea transmita," haimwambii mwanafunzi aangalie nini. Na isemwe, "Uliza mpango wa nyenzo kabla ya kupokea transmita." Neno "hali" libakie kwa hali ya kuruka peke yake, na betri isemewe "kiasi cha chaji".

Kuna maneno mawili ambayo hayakutokana na Kiingereza bali na utajiri wetu wenyewe. La kwanza ni "masafa". Mswada unaagiza "kupima masafa" kabla ya kuruka. Masafa ni umbali, lakini kwa miaka mingi watangazaji na mafundi wa redio wamelitumia neno hilo hilo kwa idadi ya mitetemo ya mawimbi. Zamani, transmita zilipotumia megahezi 35 katika Uingereza na megahezi 72 katika Marekani, rubani alipaswa kujua mambo yote mawili: kwamba hakuna mwenziwe uwanjani anayetumia njia ile ile ya mawimbi, na kwamba mawimbi yake yanafika mbali. Siku hizi transmita nyingi hutumia gigahezi 2.4 na hujitafutia njia zenyewe, hivyo hatari ya kwanza imepungua. Jaribio la pili bado ni la lazima. Transmita hupunguzwa nguvu kwa swichi maalumu, rubani hurudi nyuma kiasi cha hatua 30 au kadiri kiwanda kilivyoagiza, na mwenziwe huangalia kama sevo zinatii. Msomaji anayedhani "kupima masafa" ni kusoma tarakimu katika kioo atasoma, ataridhika, na ataruka. Tunapendekeza "jaribio la umbali".

La pili ni "kufunga". Mswada unasema, "Funga kipokezi na transmita." Maana iliyokusudiwa ni kuvifanya vyombo viwili vitambuane, ili kipokezi kisitii transmita ya mtu mwingine. Lakini kwetu redio hufunguliwa na kufungwa, na "funga kipokezi" huwa ni kukizima. Tena fundi aweza kuelewa kwamba kinafungwa kwa skurubu. Neno "kuoanisha" lipo na linafaa: viwili vikisha kuoanishwa, cha tatu hakina nafasi.

Katika mlango wa jairo, ambacho ni chombo kinachouzuia mkia usizunguke ovyo, tumekuta "faida ya jairo". Bila shaka kamusi ya fedha ndiyo iliyoshauriwa. Nani asiyetaka faida iongezwe? Mwanafunzi ataiongeza, na mkia utaanza kutikisika kama wa mbwa aliyemwona bwana wake. Akiipunguza mno, mkia utapepesuka. Kinachopimwa hapo ni jinsi jairo linavyolikemea kila kosa la mkia, kwa nguvu au kwa upole. Tunapendekeza "ukali wa jairo". Ukali ukizidi ni balaa, ukipungua ni balaa. Hilo mzazi yeyote atalifahamu pasipo maelezo. Mswada unasisitiza pia kwamba upande wa jairo uhakikishwe kabla ya kuruka, kwa kuwa jairo lililopangwa kinyume huongeza kosa badala ya kulipunguza. Hapo tunamwunga mkono mfasiri kwa dhati.

La mwisho katika makosa makubwa ni "kinga kamili". Ndivyo mswada unavyouita ule mpango unaokiambia kipokezi kifanye nini mawimbi yakikatika. Istilahi hii inaahidi jambo ambalo chombo hakilitoi. Mawimbi yakikatika, mpango huu hauiokoi helikopta, aghalabu huiangusha. Kazi yake ni kuiteremsha nguvu ya mota, ili kile kinachoanguka kisiwe na mapanga yanayosukumwa kwa nguvu zote kuelekea watu. Zaidi ya hayo, katika vipokezi vingine mpango huo hunakiliwa wakati wa kuoanisha, kwa kufuata mahali wenzo ulipokuwa wakati huo. Aliyeoanisha wenzo ukiwa juu, chombo chake kitakimbia kwa nguvu zote pale pale kinapokosa bwana. Mwenye kuamini kwamba ana kinga kamili hatakuwa na sababu ya kulijaribu jambo hilo. Tunapendekeza "amri ya mwisho", yaani amri ambayo kipokezi kimeusiwa kuitekeleza pindi sauti ya transmita isiposikika tena. Wosia hukaguliwa mapema. Na jaribio lake ni kuondoa mapanga, kuifunga helikopta, kuizima transmita, na kutazama kama mota inasimama. Istilahi hii itafaa pia kwa ndege zisizo na rubani, kama zile zilizotumiwa kuanzia 2016 kupiga picha za ramani ya Unguja na Pemba, ingawa nyingi za hizo amri yao ya mwisho ni kurudi zilikotoka.

Yafaa sasa tuyataje mema. Mfasiri ameyakubali maneno "sevo", "jairo" na "transmita" bila ya kuyatafutia visawe vya kulazimisha, nasi tunaafiki. "Kipokezi" na "pangaboi" ameyachukua kutoka vinywani mwa watu. "Kusawazisha", kwa yale masahihisho madogo ya wenzo, ni istilahi nzuri kuliko "kupunguza" iliyopata kupendekezwa na wengine. Mpangilio wake wa kazi nao ni sahihi: kwanza nyaya za mota zitenganishwe, kisha pande za sevo, kisha katikati yake, kisha mipaka yake, ndipo michoro.

Wako watakaosema kwamba njia nyepesi ni kuyachukua maneno yote ya Kiingereza jinsi yalivyo, maadamu warukaji wengi wanayajua. Hoja hiyo ina uzito kwa majina ya vitu. Sevo ni sevo. Anayeishika mkononi ameijua. Lakini komeo la nguvu, mwendo thabiti na amri ya mwisho si vitu vya kushikwa, ni matendo. Na tendo la hatari lililopewa jina lisiloeleweka huachwa mikononi mwa bahati. Waliokwisha kujua hawahitaji mwongozo. Mwongozo huandikwa kwa ajili ya yule ambaye bado hajui, naye ndiye ambaye vidole vyake vimo hatarini.

Mapendekezo yetu kwa ufupi ni haya:

"shikilia mafuta" liwe komeo la nguvu;
"kupumzika juu" liwe mwendo thabiti;
"hali ya kawaida" iwe mwendo wa kuanzia;
"mwinamo" ligawanywe kuwa pembe ya mapanga na mwinamo wa pua;
"hali ya 1, ya 2" iwe mpango wa nyenzo wa 1, wa 2;
"kupima masafa" liwe jaribio la umbali;
"kufunga" liwe kuoanisha;
"faida ya jairo" liwe ukali wa jairo;
"kinga kamili" liwe amri ya mwisho.

Tunayo pia nasaha moja ambayo twajipa sisi wenyewe kabla ya kumpa mfasiri. Safu mbili za maneno hazitoshi. Istilahi yoyote inayomwamuru mtu kutenda jambo mbele ya mtambo isomwe kwa sauti kwa mtu asiyejua lugha ya asili, na tutazame mkono wake unakwenda wapi. Mkono ukienda pabaya, istilahi imeshindwa, hata kama kamusi zote zinaitetea. Jaribio letu lilichukua nusu saa na halikugharimu kitu. Lakini tungelifanya baada ya mswada kupigwa chapa, lingefanywa na mwanafunzi peke yake uwanjani, na mapanga yangekuwa mahali pake.

Tumalizie kwa kanuni ambayo mswada umeieleza katika aya nzima, nasi tumeifupisha ili ikaririwe: Mwenye kuamuru huamka wa kwanza, hulala wa mwisho. Yaani transmita iwashwe kabla ya helikopta, na helikopta izimwe kabla ya transmita, ili chombo kisibaki hata dakika moja bila ya bwana. Wasomaji walio na neno bora kuliko "komeo", hasa mafundi na wale wanaoruka, tunawaomba watuletee, pamoja na maelezo ya jinsi walivyolijaribu.